Ukipeleka maigizo kaskazini, beba siku kabla ya taa

Kwa misimu sita ya baridi nimesafiri na kikundi cha maigizo cha wenyeji asilia wa Ontario, Kanada, tukipeleka michezo kwenye vijiji vya pwani ya James Bay, ghuba iliyo kaskazini mwa jimbo hilo. Mimi ni mtu wa taa na mizigo, jukwaani sipandi. Nilizaliwa Tanga, na kazi hii nilifundishwa upya na watu wa huko. Siku hizi vijana wanaotaka kuanza ziara zao, wakiwemo Waswahili wenzangu wachache walio kwenye sanaa huku, huniuliza wabebe nini. Mimi huwaambia wabebe siku. Taa tutazungumza baadaye.

Mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa ratiba. Nikapanga vijiji vinne kwa siku tano, nikajiona hodari. Kijiji cha pili tulifika saa tisa alasiri, mchezo ukiwa saa moja usiku. Mlangoni mwa ukumbi tukakuta mabuti ya theluji yamepangwa jozi kwa jozi hadi ukutani, na ndani kimya. Mzee mmoja alikuwa amefariki alfajiri ile. Ukumbi mwingine hakuna, na humo ndimo watu wangekesha naye. Hapo nikafanya kosa ambalo hadi leo linanichoma: nilimuuliza mama aliyetupokea kama tungepata basi hata chumba cha shule kwa saa mbili, maana kesho yake tulikuwa tunasubiriwa kwingine. Akaniangalia, akasema polepole, "Watoto wa shule ni wajukuu zake."

Kwetu mtu akifa turubai linafungwa, masufuria yanaazimwa, na hakuna anayeuliza ngoma ya arusi itapigwa saa ngapi. Hilo nalijua tangu utotoni, na bado niliuliza. Mama kiongozi wetu, mtu wa makamo wa Waanishinaabe, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia, hakunigombeza. Alivua koti, akaingia jikoni na kuanza kumenya viazi. Tukamfuata. Tulipanga viti, tukaosha vikombe, tukazoa theluji mlangoni, tukapokea jamaa wa marehemu uwanja wa ndege kwa gari letu la mizigo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilishika siku ileile. Siku ya nne, baada ya maziko, familia yenyewe ikatuambia tucheze. Vijiji viwili vilivyobaki nilivipigia simu kuomba radhi, nikakuta habari za msiba zimekwishafika. Hakuna aliyenung'unika.

Tangu hapo kila kijiji nakipa siku tatu kwa onyesho moja. Ukiomba ruzuku, ziandike siku hizo kwenye bajeti waziwazi, pamoja na chakula, malazi na posho zake, na usikubali zikatwe. Hata pasipo msiba, hali ya hewa itazila. Moosonee, mji unaoanzia safari ya pwani hiyo, haufikiki kwa barabara: unapanda treni kutoka mji wa Cochrane ulio kusini, karibu kilomita 300. Kutoka hapo kwenda vijiji vya Fort Albany, Kashechewan na Attawapiskat ni ndege, au barabara ya barafu inayotengenezwa kila mwaka na kutumika kwa majuma machache ya baridi kali. Joto likipanda ghafla barabara inafungwa, nawe uko huko na gari lako.

Kabla ya tarehe, uliza kijiji kina nini. Mwezi wa Aprili na Mei mabata bukini hurudi, shule hufungwa, na familia nzima huhamia kambini kuwinda. Ukija wakati huo utaigizia viti. Ulizia pia usiku wa bingo, ule mchezo wa bahati nasibu wa namba, maana watu watakuwa huko. Tangazo lako la maana ni redio ya kijiji, hasa likisomwa na mtu anayejulikana kwa Kicree, lugha ya Wacree, wenyeji wa pwani hiyo.

Hadithi nazo zina msimu. Wacree wana Wisakedjak, mjanja wa masimulizi yao, ndugu kabisa wa Sungura wetu. Wazee wengi wanashikilia kuwa habari zake husimuliwa theluji ikiwa chini. Mimi sikuhitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu bibi yangu hakuwahi kutuambia "paukwa" mchana hata tumlilie vipi. Tulipoalikwa shule moja mwezi wa Juni tuliitoa sehemu hiyo ya mchezo, ingawa ndiyo iliyokuwa ikichekesha kuliko zote. Uliza kila mahali, maana wazee hawafanani. Wapo wanaotarajia upeleke tumbaku kidogo unapowaomba jambo, na wapo Wakristo wa zamani ambao hata ngoma ukumbini inawapa shida.

Shida hiyo ina historia, na usipoijua utawahukumu bure. Mwaka 1884 Bunge la Kanada lilipiga marufuku potlachi, sherehe ya kugawa zawadi ya watu wa pwani ya magharibi. Marekebisho ya 1895 na 1914 yakazibana sherehe na ngoma nyingine, na makatazo hayo hayakuondolewa hadi 1951. Juu yake zikawepo shule za bweni zilizowanyang'anya watoto wa wenyeji asilia lugha zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo bibi wa miaka themanini aliyekaa mstari wa mbele alizaliwa sheria hizo zikiwa bado hai. Vikundi kama Native Earth cha Toronto, cha mwaka 1982, na Debajehmujig cha kisiwa cha Manitoulin, kilichoanzishwa na Shirley Cheechoo mwaka 1984, vilizaliwa kizazi kimoja tu baada ya makatazo hayo kuondolewa. Jina la hicho cha pili maana yake ni wasimuliaji.

Ndiyo maana kama mchezo wako unagusa shule za bweni, sema mapema redioni, na umwombe mshauri wa kijiji awe ukumbini tangu mwanzo. Mimi kwenye taa nina sheria yangu: sizimi giza totoro. Taa za watazamaji naziacha nusu, mlango auone kila mtu, anayetaka kutoka atoke bila kupapasa.

Sasa vifaa. Utacheza kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo wa shule, chini ya taa zinazovuma, na soketi mbili zinazofanya kazi. Tumia taa za LED zisizokula umeme mwingi, vinginevyo utaiangusha swichi kuu katikati ya mchezo. Masanduku yakitoka nje kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, yaingize ndani na uyaache yamefungwa kwa muda wa saa nne au tano. Ukiyafungua papo hapo, hewa ya joto inageuka umande juu ya kila kifaa. Nimewahi kufuta matone kwenye mitambo ya sauti kwa fulana yangu mwenyewe. Ngoma ya ngozi isikae karibu na kipasha joto, itakazika hadi ipasuke. Chakula chenu mje nacho. Duka ni moja, bei iko juu, na watu kumi wenye njaa wanaweza kumaliza mkate wa kijiji kwa asubuhi moja.

Onyesho lile la siku ya nne nalikumbuka kuliko yote. Watoto walikaa sakafuni hadi miguuni mwa waigizaji. Kijana wetu mmoja alijifunza Kicree chake kwa mtu wa Moose Factory, kijiji jirani na Moosonee, ambako "mimi" ni "nila". Alipolitamka, bibi mmoja, dada wa marehemu, akasema kwa sauti kutoka kitini, "Nina." Huko kaskazini zaidi L yao ni N, kama Mmvita anavyosema "nti" na Muunguja "nchi". Kijana akanyamaza. Mimi mkono wangu ukabaki juu ya mtambo, sijui nipunguze taa au niache. Akamgeukia bibi, akasema, "Nina." Bibi akaitikia kwa kichwa, watoto wakalirudia wote kwa pamoja, na mchezo ukaendelea pale ulipoishia. Usiku ule kijana alilisahihisha neno hilo kwa penseli kwenye karatasi zake, na pembeni akaandika jina la kijiji.