Ukitaka Kupiga Filamu ya Ushoroba, Anzia Nje ya Hifadhi

Filamu yangu ya kwanza kuhusu Tarangire, hifadhi ya taifa iliyo kaskazini mwa Tanzania, niliipiga ndani ya hifadhi tu. Tembo walionekana vizuri wakinywa maji mtoni, lakini mtazamaji hakuambiwa wanakotoka wala wanakokwenda; hakuuona ushoroba, yaani njia ambayo wanyama hupita kutoka eneo moja hadi jingine. Nyumbu na punda milia hukaa kando ya mto huo wakati wa kiangazi, na mvua zikianza hutawanyika, wengine wakielekea mashariki kwenye nyanda za Simanjiro na wengine kaskazini hadi Gelai, karibu na Ziwa Natron. Jike anayenyonyesha huzifuata nyasi za huko kwa sababu zina madini mengi zaidi, hasa fosforasi, kuliko zile za hifadhini. Njia hizo zikizibwa, hifadhi itabaki na mipaka yake lakini wanyama watapungua.

Kwa hiyo nakushauri uende Kwakuchinja, ukanda mwembamba unaounganisha Tarangire na Ziwa Manyara, ambao umekatwa na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati. Siku za kwanza iache kamera. Mimi nilizunguka siku nne na kijana mchungaji wa pale, akinionyesha mambo ambayo peke yangu ningeyapita: mavi makavu ya tembo kando ya lami, migunga iliyobanduliwa magome, na katikati ya shamba la mahindi, unyayo wa tembo mpana kama ungo, umejaa maji ya mvua, mabua yamelala pembeni yake.

Mwenye shamba lile, mama wa makamo, alikuwa amekesha akigonga debe ili kuwafukuza tembo. Aliniambia, "Mwanangu, usije ukanitangaza kuwa mimi ni adui wa tembo. Onyesha na hasara yangu." Nilimpa nafasi ndefu kuliko mtaalamu yeyote, na ningekusihi ufanye vivyo hivyo, kwa kuwa ardhi ya ushoroba iko mikononi mwa watu kama yeye.

Vibali usivichukulie kwa wepesi: ndani ya hifadhi utahitaji cha TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, nje yake utazungumza na serikali ya kijiji na jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayoendeshwa na vijiji husika, kama Burunge, na ndege nyuki (droni) hairushwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Hata ukiwa na idhini, usiirushe juu ya wanyama wanaosubiri kuvuka. Niliwahi kufanya hivyo, na punda milia waliokuwa wamefika ukingoni mwa barabara wakageuka wote, wakarudi vichakani hadi giza likaingia. Picha zile nilizifuta.

Filamu ikikamilika, waonyeshe wanakijiji kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulipotundika shuka jeupe ukutani mwa darasa, mzee mmoja alisimama, akaweka fimbo yake juu ya ramani niliyoichora na kusema kwamba njia ya nyumbu haikupita pale, bali upande wa pili wa korongo. Kesho yake alfajiri alinipeleka mwenyewe, nami nikaichora ramani upya.