Jibu: Jina la biashara lililosajiliwa BRELA halikingi nyumba yako

Ndugu, umeuliza kama duka lako la vifaa vya ujenzi, ambalo jina lake ulilisajili BRELA (wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili wa biashara), linaweza kukuponza hadi ukapoteza nyumba endapo utashindwa kuwalipa waliokukopesha mali. Kwa kifupi, mali zako zimo hatarini, na nyumba pia ikiwa uliiweka rehani au huishi humo na familia yako. Usajili wa jina la biashara hauundi mtu mwingine mbele ya sheria; mdaiwa ni wewe mwenyewe, na mwenye kushinda kesi anaweza kuomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe, dhidi ya mali zako binafsi, ingawa nyumba unayoishi na familia yako kwa kawaida sheria hairuhusu ikamatwe kwa hukumu ya namna hiyo.

Kampuni ya hisa iliyoandikishwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ni jambo tofauti, kwa kuwa hiyo hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na mwanahisa hupoteza kile tu alichowekeza au alichoahidi kulipia hisa zake. Msingi huu uliwekwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 katika shauri la Salomon, na mahakama zetu zinaufuata.

Hata hivyo, wengi huivunja kinga hiyo kwa kalamu yao wenyewe. Benki inapoikopesha kampuni changa, ndani ya bahasha ya mkataba huwamo karatasi ya udhamini binafsi wa mkurugenzi, yaani ahadi ya kulipa yeye mwenyewe kampuni ikishindwa, ambayo watu huisaini bila kuisoma, na mara nyingi hati ya nyumba huambatanishwa. Ikiwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wako, kwa hiyo mshirikishe mapema. Karatasi hiyo mpelekee wakili kabla hujasaini.