Usyk dhidi ya akina Ali, Foreman na Frazier: nani hasa angemsumbua

Mkuu, umeuliza hivi: Oleksandr Usyk, bondia huyu wa Ukraine tunayemsifu leo, angekutana na miamba wa uzito wa juu wa zamani, angebaki na mikanda yake au angechapwa? Wengi waliotangulia wamejibu kwa mkato kwamba ni mdogo, Foreman angemvunja mbavu, habari imeisha. Naomba nichangie kwa urefu kidogo. Nimecheza ngumi za ridhaa hapa Dar, mimi mwenyewe ni mashoto kama Usyk, yaani bondia anayesimama mguu na mkono wa kulia mbele, kushoto nyuma, na mpaka leo jioni nawashikia vijana pedi. Yapo mambo ya mashoto ambayo mtu anayetazama kwenye runinga hayaoni kirahisi.

Tuanze na huo udogo. Usyk anaonekana mdogo kwa sababu tumezoea kumwona amesimama karibu na Tyson Fury. Desemba 2024 kule Riyadh, Fury alipima kilo 127 na Usyk 102. Alimwachia kilo 25 nzima, na bado majaji wote watatu walimpa Usyk 116-112. Sasa mpeleke Kinshasa, Oktoba 1974. Foreman aliyekuwa akitisha dunia nzima alipanda ulingoni akiwa na takribani kilo 100, Ali 98. Usyk ana urefu wa sentimita 191, sawa na Ali, na mikono yao wote wawili ikinyooshwa ni sentimita 198. Usiku ule angekuwa mzito kuwazidi wote wawili. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Joe Louis kwenye kilo 90 hivi na Rocky Marciano kwenye 85. Marciano wa leo angepangwa kruza, yaani uzito ulio chini ya uzito wa juu, uleule ambao Usyk aliukusanyia mikanda yote minne Moscow mwaka 2018. Namheshimu sana Marciano na yale mapambano 49 bila kupoteza, lakini mikono yake ilikuwa mifupi kuliko ya Usyk kwa zaidi ya sentimita 20. Angetumia raundi nyingi akitafuta pa kuingilia.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi: mashoto. Bingwa wa kwanza mashoto kwenye uzito wa juu ni Michael Moorer, na alitokea Aprili 1994 tu. Ina maana zama zote za Louis, Marciano, Liston, Ali, Frazier na Holmes zilipita bila mashoto kuwahi kushika taji hilo. Wale mabwana walijifunza kazi yao dhidi ya watu waliosimama kama wao. Ukikutana na mashoto, miguu yenu ya mbele inagusana, wake wa kulia, wako wa kushoto. Mwenye mguu wake nje ya mguu wa mwenzake ndiye mwenye njia: mkono wake wa nyuma unapita katikati moja kwa moja, na mwenzake lazima ajizungushe kwanza ndipo apige. Hapo ndipo pambano lote lilipo. Mtazame Usyk miguuni pekee, usahau mikono. Hatulii. Anakanyaga nje, anagusa kwa ule mkono wa kulia wa mbele bila nguvu, anakanyaga tena, halafu kushoto kunatoka wakati jamaa bado anapanga miguu. Anthony Joshua alifanyiwa hivyo Septemba 2021 mbele ya watu wake London, akawa anashindwa hata kuachia mkono wa kulia anaouamini.

Kwa Ali tuna ushahidi wa wazi. Septemba 1966, akiwa kwenye ubora wake wa juu kabisa, alikwenda Frankfurt kupigana na Mjerumani Karl Mildenberger, mashoto. Kila mtu alitegemea kazi fupi. Ilichukua mpaka raundi ya 12, na njiani Ali alionekana kuchanganyikiwa: jabu yake, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, inakosa shabaha, anarudi nyuma kwa mstari, anapigwa kushoto tumboni. Na Mildenberger hakuwa hata nusu ya Usyk. Hata hivyo miezi miwili baadaye, Novemba, Ali huyohuyo alimharibu Cleveland Williams Houston kwa kasi ambayo sijaiona tena kwenye uzito huu. Kwa hiyo Ali wa 1966 na 1967 nampa ushindi dhidi ya Usyk, kwa pointi chache, maana ndiye pekee wa zamani mwenye miguu ya kushindana na miguu ile. Ali wa baada ya kufungiwa kupigana, aliyerudi Oktoba 1970 miguu ikiwa imeanza kuwa mizito, aliyevunjwa taya na Ken Norton mwaka 1973, huyo kwa Usyk anapoteza. Najua sentensi hii itawaudhi watu. Ali wa Kinshasa alishinda kwa akili na kwa kuvumilia kipigo kwenye kamba. Usyk hakufuati kwenye kamba ajichoshe. Angesimama katikati, apige mbili aondoke, na pointi zingekuwa zinahesabika upande wake.

Foreman sasa. Watu wanakumbuka alivyomwangusha Frazier mara sita Kingston, Januari 1973, wanahitimisha hapohapo. Mimi nawarudisha kwenye mapambano mawili mengine. La kwanza ni la Jimmy Young, San Juan, Machi 1977. Young hakuwa na ngumi nzito, alikuwa na miguu, macho na pumzi, akamshinda Foreman kwa pointi na kumwangusha raundi ya mwisho. La pili ni la Novemba 1994, Foreman akiwa na miaka 45 dhidi ya huyo Moorer mashoto. Kwa raundi tisa Moorer alimpiga anavyotaka, kadi zote tatu za majaji alikuwa anaongoza, halafu raundi ya 10 akasimama mbele yake kidogo tu zaidi ya inavyotakiwa na mkono wa kulia ukamlaza. Hilo ndilo pambano la Usyk na Foreman kwa muhtasari, ila Usyk hana tabia ya kusimama mbele ya mtu. Nampa Usyk, akiwa na hatari kubwa katika raundi nne za mwanzo, wakati Foreman kijana bado ana pumzi ya kumkatia ulingo na kumsukuma kwa viganja vyote viwili kama alivyozoea.

Mike Tyson wa 1988 simalizi haraka kama wengine, lakini hoja ni ileile. Yule aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 angeweza kummaliza yeyote kwenye raundi tatu za mwanzo. Akikosa, anapungua. Buster Douglas alimwonyesha hivyo Tokyo mwaka 1990, Holyfield akaonyesha tena 1996. Larry Holmes wa mwishoni mwa miaka ya sabini ni pambano la jabu kwa jabu, na hapo napata shida kuchagua. Lennox Lewis ana umbo la Fury lakini mkono wa kulia wa Lewis ni habari nyingine kabisa. Siku akiwa makini anashinda, siku akiwa kama alivyokuwa Afrika Kusini dhidi ya Rahman Aprili 2001, anapoteza.

Anayenitia hofu kweli kwa ajili ya Usyk ni Joe Frazier. Nimeona hakuna aliyemtaja, naamini kwa sababu alikuwa na sentimita 182 na kilo 93 tu, mtu anaona mfupi huyo angefanya nini. Sikilizeni, hapa naongea kama mashoto.

Ini liko upande wa kulia wa mwili. Bondia wa kawaida anaweka mguu wa kushoto mbele, kwa hiyo ini lake liko nyuma, limefichwa na kiwiko cha kulia. Mashoto tunaweka kulia mbele. Ini letu linatangulia. Na mkono wa mpinzani ulio karibu nalo ni wa kushoto, ule wa ngumi ya kuzungusha. Nimepigwa pale. Haiumi papohapo, unapata muda wa kufikiri imepita salama, kisha pumzi inakatika na magoti yanakunja yenyewe, kichwa kikiwa kizima kabisa na kikikuamuru usimame. Kila kocha wa mashoto anamfokea kijana wake kitu kimoja: shusha kiwiko cha mbele. Ukikishusha, uso unabaki wazi. Sasa taja bondia wa uzito wa juu mwenye kushoto ya kuzungusha kuliko zote katika historia, anayeingia chini ya kifua chako akiyumba kichwa, anayepiga mbavu ndipo apande juu.

Usyk mwenyewe ametuonyesha dalili. Alipokutana na Derek Chisora Oktoba 2020, mtu anayekuja mbele akiinama na kutupa mikono tumboni, raundi za mwanzo zilikuwa za taabu na majaji wawili walimaliza na 115-113 tu. Fury kwenye pambano la kwanza, Mei 2024, raundi alizotamba ni zile alizopiga mwili kutoka chini. Wengine wote waliompa nafasi walikuwa warefu wanaopiga kichwa kwa mbali. Chisora si Frazier hata kwa mbali: Frazier hapumziki, hasubiri ruhusa, na ngumi za njiani anazila kama alivyozila za Ali.

Usyk angempata, tena sana. Angemchana uso kwa kushoto kila anapoingia, na raundi nane za mwanzo nadhani angezigawa nyingi upande wake. Ila lile ni pambano la raundi 15. Usyk ana sifa ya kumaliza vizuri kuliko mtu yeyote wa leo, lakini anamalizia raundi ya 12, kwa sababu baada ya kifo cha bondia Duk Koo Kim mwaka 1982 ngumi zilipunguzwa raundi. Machi 8, 1971, Madison Square Garden, Frazier alimtikisa Ali raundi ya 11 na akamwangusha kwa kushoto ileile raundi ya 15. Huyo Frazier wa usiku huo nampa ushindi dhidi ya Usyk kwa pointi, na kama kuna atakayesimamishwa kabla ya muda, ni Usyk, kwa ngumi ya ini, kati ya raundi ya 12 na ya 14.