Kalamu za mbao zinazolegea: kabla hujatia supagluu

Mkuu, umesema kalamu zako za mninga za kuzungusha zinatoka safi kwenye mashine ya kukereza, ila ukishaziunga ncha inachomoka kwa vidole, na kizungushio (kile kifaa cha ndani kinachotoa na kurudisha mrija wa wino ukizungusha) kinarudi nyuma mteja akikandamiza kuandika. Wadau hapo juu wote wamekutuma supagluu. Subiri kwanza.

Na aliyesema ni unyevu wa ziwa, hapana. Nachongea hapahapa Mwanza, Nyakato, na kweli mbao inacheza mvua zikianza. Lakini ncha haishiki mbao, inashika bomba la shaba lililo ndani, na shaba haivimbi kwa unyevu. Mara nyingi kulegea kunatoka mikononi mwetu. Gundi ikiingia ndani ya bomba wakati wa kulibandika, tunaikwangua kwa tupa ya mviringo au msasa uliosokotwa, na shaba inaondoka nayo. Ukuta wa bomba lile ni mwembamba, hausamehe. Dawa yake ni kiazi: kabla ya kupaka gundi, chomeka mdomo wa bomba kwenye kipande cha kiazi mviringo kibichi, kipande kinabaki ndani kama kizibo. Gundi ikishika, kisukume kitoke kabla hakijakauka. Sababu nyingine ni kuingiza ncha au klipu kwa kubana na jiriwa ikiwa imeinama, mdomo wa bomba unapanuka.

Kwa zilizokwisha kulegea, ncha na klipu nazitia gundi ya kushikia beringi. Ulizia kwenye maduka ya beringi na vipuri, Loctite 638 au 641. Inakomaa ikikosa hewa katikati ya vyuma viwili, na shaba inaiharakisha. Sehemu iliyopakwa kromu huichelewesha, basi ilaze usiku kucha. Ile inayovuja nje haikauki, unaifuta na kitambaa. (Chupa huja haijajaa, hujaibiwa, gundi hii huhitaji hewa ili isigande dukani.) Supagluu inashika, sikatai, ila mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye chuma kinachong'aa, na mteja wa zawadi za mahafali pale chuo kikuu cha SAUT atauona kabla hajaona mbao.

Kizungushio ndicho cha kuogopa. Tumia 641, ambayo haishiki kwa nguvu kama 638, ili siku kikifa ukitoe bila kupasua mbao. Paka gundi nyembamba kama uzi kwenye kizungushio chenyewe, nyuma kidogo ya mdomo wake, usipake ndani ya bomba. Ukipaka bombani, kikiingia kinaisukuma gundi mbele hadi njia ya mrija wa wino, na hapo kalamu imekufa. Halafu pima kina: sukuma kidogokidogo huku umeweka mrija, ncha ya wino ikitokeza unavyotaka, acha.

Nusu ya juu ya kalamu, pale inapovaa kizungushio, usiitie gundi yoyote ya kushika. Hiyo lazima ichomoke mtu akibadilisha mrija. Ikilegea, pitisha rangi ya kucha nyembamba ndani ya bomba lake, iache ikauke kabisa, jaribu, ongeza mkono mwingine ikibidi. Ukizidisha, asetoni inaitoa, ila isiguse vanishi ya nje.

Tuwekee picha ya midomo ya mabomba yako, tuone kama imepanuka au imekwanguliwa.