Usiende Moroto Septemba!

Dada, umesema Septemba unakwenda Moroto, kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na hojaji ya HFIAS, ile ya kupima uhaba wa chakula kwenye kaya, halafu unauliza kaya ngapi zinatosha na programu gani ya takwimu. Hayo yaache kwanza. Septemba usiende!

Mimi nilienda Septemba. Karamoja ina msimu mmoja tu wa mvua, si miwili kama Buganda. Chakula kipya kinaanza kuingia Agosti hivi. Njaa inabana tangu Machi hadi Julai. Na maswali 9 ya hojaji hiyo yanauliza wiki 4 zilizopita tu. Mama mmoja nilimwuliza kama aliwahi kulala njaa. Akanionyesha kwa mdomo ghala lake, mtama umejaa hadi juu, akasema, "Sasa hivi? Hapana." Nikaandika hapana. Kaya 120, karibu zote hapana.

Mei nikarudi kwa mama yule yule. Ghala limebaki fito, unaona upande wa pili. Watoto wanakula machicha ya pombe, yamefinyangwa kama ugali. Nikamvalisha kitinda mimba wake utepe wa kupimia mkono: sentimita 11.2, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Tukamkimbiza kituo cha afya. Kwenye karatasi zangu mtoto huyo anatoka kaya isiyo na shida ya chakula. Mpaka leo likinijia usiku sipati usingizi.

Aliyeniponza ni msimamizi wangu wa utafiti chuoni. Nilimwuliza mapema kabisa kuhusu tarehe, akajibu kwamba hojaji imeshathibitishwa kimataifa, mwezi wowote sawa. Amekulia kwenye matoke mwaka mzima! Hajawahi kukanyaga Karamoja, na hakuona haya kunituma. Nilimaliza akiba yangu yote kwa nauli na wakalimani, nikarudia mwaka.

Kwa hiyo kalenda ya chakula kwanza, hojaji baadaye. Nenda Mei au Juni. Chuo kikikataa kusogeza tarehe, chukua maswali 8 ya FIES, hojaji nyingine ya uhaba wa chakula, yale yanayouliza miezi 12 iliyopita, na kila mama umwulize ghala lake liliisha mwezi gani. Hilo swali liongeze hata kama msimamizi atanuna, ila lipitishe kwanza kwenye kamati ya maadili.

Wakalimani umeshawapa tarehe? Wapigie leo, kabla hawajakataa kazi nyingine kwa ajili yako.