Jibu: Mizinga ya kutungulia ndege kwenye meli ya 1/700

Kaka, umeuliza kama ubadilishe mizinga ya plastiki iliyokuja na meli yako ya mfano ya kipimo cha 1/700, yaani ndogo mara 700 kuliko ya kweli. Oerlikon, ile mizinga midogo yenye tundu la mtutu la milimita 20, badilisha bila kusita. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 2.2 hivi, kwa kipimo chako inabaki milimita 3 tu, na mtutu wa plastiki hutoka mnene kama gogo. Tafuta za bamba la shaba ya manjano lililochongwa kwa asidi: ngao yake inapendeza mno! Lakini Bofors za mitutu minne, mizinga mikubwa kidogo kuliko hiyo, chukua za resini (plastiki ngumu ya kumimina kwenye kalibu), maana shaba bapa ukiitazama kwa ubavu huonekana karatasi. Gundi itie kwa ncha ya sindano. Halafu hapa Goma vumbi la lava halina huruma: funika kwa bakuli mpaka rangi ikauke.