Kuzunguka Arusha kwa miguu, simulizi zikiwa sikioni

Mkuu, umesema utapita Arusha na mama yako mkielekea harusini Karatu, mna siku nzima ya kushinda mjini na hamtaki mtu wa kuwatembeza. Umeuliza kama hizi programu za simu zinazokusimulia historia huku unatembea zina maana yoyote au ni kumaliza chaji tu. Zina maana. Ila kwa Chuga, yaani hapa Arusha, mimi nakushauri utengeneze simulizi zako mwenyewe.

Programu ya namna hiyo nilikutana nayo Cape Town nilipokwenda kikazi, inaitwa VoiceMap. Unapakua ziara ukiwa kwenye waifai, halafu hata ukizima data inaendelea kufanya kazi, maana simu kujua ilipo kwa setilaiti hakuli bando. Ukifika palipowekewa alama, sauti inaanza yenyewe. Nilisimama nje ya Slave Lodge, jengo lililojengwa mwaka 1679 ambamo Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilikuwa ikiwafungia watumwa wake, watu wananipita na mifuko yao ya manunuzi, na mimi nasikilizishwa yaliyokuwa yanafanyika nyuma ya zile kuta. Bila ile sauti ningepiga picha nikaondoka. Jengo likishabadilishwa kazi, macho peke yake hayakwambii kitu.

Na Arusha karibu kila jengo la maana limeshabadilishwa kazi. Wasimulizi wengi wakiuelezea mji huu hawamalizi hata barabara moja, wameshakimbilia Serengeti. Ndiyo maana nilipotembelewa na wakwe nilichukua kinasa sauti cha simu, nikarekodi kipande kimoja kwa kila kituo, nikakiita jina la mahali, nikawatumia kwa WhatsApp. Kipande kisizidi dakika tatu. Usisome kama taarifa ya habari, ongea. Pia kisikilizwe mtu akiwa amesimama, sikio moja likiwa wazi. Bodaboda wa hapa hawajui kama wewe uko mwaka 1900.

Anzia Mnara wa Saa. Mtaambiwa hapo ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Hadithi tamu, ila chukua ramani: Cairo iko nyuzi 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town karibu 34 kusini, kwa hiyo katikati ni kama nyuzi 2 kusini. Arusha imezidi 3. Kwa hesabu hiyo mnara ungetakiwa uwe ng'ambo ya Namanga, unaitafuta Kajiado. Kwenye kipande changu hadithi nimeiacha na hesabu nimeiweka, msikilizaji achague.

Pandeni na Boma Road hadi Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya elimu viumbe. Hapa ndipo mnapohitaji sauti kuliko kote, kwa sababu mtakuta wadudu, mifupa na kuta zilizopakwa rangi vizuri. Jengo lilisimama mwaka 1900. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri kule Umeruni, na Wajerumani wakiongozwa na Kapteni Johannes wakaja kulipiza kisasi: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Baadaye Waarusha na Wameru wakasombwa kwa nguvu kuja kulijenga boma hilihili. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1900, kule Moshi ya Kale, Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa huko, alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Mkwe wangu wa kiume alisikiliza kipande hiki ameweka kiganja ukutani. Kilipoisha akakirudisha mwanzo, wala hakutaka kuingia kwenye chumba cha wadudu.

AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, iko hapo jirani, mnaiona. Wengi wanaijua kwa semina na posho. Yale majengo matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, Jumuiya ikavunjika 1977, kituo kikafunguliwa 1978 bila mwenye nyumba aliyekusudiwa. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ikahamia humo. Tarehe 2 Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ndiyo hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama ikafungwa mwishoni mwa 2015. Sikilizeni mkiwa upande wa pili wa barabara, na msinyanyue simu kupiga picha geti, mlinzi atawauliza maswali ambayo hayana haja.

Makongoro Road ni ya kutembea tu, mkipita Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyekuwa pia meya wa Dar es Salaam na waziri, mpaka kwenye mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile tamko la siasa ya ujamaa. Kipande cha hapa sikurekodi mimi, nilimwomba baba mkubwa. Azimio lilipitishwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, hapa mjini mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Hayo mtayasoma popote. Baba mkubwa yeye alikwenda moja kwa moja kwenye masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Alipofika kwenye nyumba ya kupangisha akacheka mpaka akakohoa, na nyuma yake anasikika mama mkubwa akimwambia, "We mzee, anarekodi huyo!" Sikukata kitu. Kipande hicho ndicho watu wote huniomba, na ndiyo sababu nakwambia mama yako naye arekodi. Kama Azimio lilimkuta na akili zake, mwombe usiku kabla hamjasafiri.

Sokoni vueni hedifoni, simu mfukoni. Pale kuna watu na mikokoteni. Na vijana wa pale Mnara wa Saa wanaouza vikuku na picha za kuchora watawafuata tu. Ukijibu Kiswahili chepesi na salamu mbili tatu wanakuacha.

Kuhusu magoti ya mama uliyoyataja: toka Mnara wa Saa mpaka Boma ni mwendo mfupi, ataweza akipumzika kwenye bustani ya makumbusho. Kiingilio cha pale kipo, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, njooni na kitambulisho. Toka Boma kwenda Azimio mchukulieni bajaji. Hapo ndipo vipande vya WhatsApp vinaishinda programu ya setilaiti, maana yeye anabonyeza akishakaa vizuri na hakuna sauti inayomkimbiza. Ila kama ni Aprili, anzeni asubuhi, na mwavuli usikose.